Ziara ya kutembezwa Wittenberg, masaa manne ya "kuhesabiwa haki" kwa euro 28: nilichokipata

Nakaa Leipzig mwaka wa sita sasa, na Wittenberg, mji wa Luther, nlishaenda mara mbili kabla ya hii, mara zote mbili nikarudi na picha ya ule mlango wa kanisa wanaosema Luther alipigilia hoja zake, na sumaku ya friji basi. Safari hii nilimpeleka mama, alikuja kunitembelea kutoka Machame, Mlutheri wa kuzaliwa, mzee wa kanisa vipindi viwili, na bibi yake alibatizwa na wamisionari wa Leipzig wale wale waliofika Kilimanjaro 1893, kwa hiyo kwake huu haukuwa utalii, alikuwa anaenda kuona chimbuko. Nikasema hapana, mama hawezi kuja mpaka huku halafu aone mlango tu arudi, nikatafuta nikapata hii ziara ya kutembea kwa miguu ambayo inahusu kitu kimoja tu, mabishano ya Waprotestanti wenyewe kwa wenyewe juu ya kuhesabiwa haki kwa imani, yaani mtu anakubaliwaje mbele za Mungu kuwa ana haki. Inaendeshwa na watu wawili tu, jina lao siliweki kwa sababu nina malalamiko pia humu ndani na sipendi watu wawili wanaohangaika waharibiwe riziki.

Niseme mapema kabisa, ni pesa yangu niliyoitumia vizuri kuliko zote mwaka huu, na bado kuna mambo wanatakiwa kurekebisha.

Bei euro 28 kwa mtu mzima, mama alilipa 22 kwa sababu ya umri, hakuna kiingilio ndani ya hiyo bei, pale mnapoingia sehemu ya kulipia mnalipa wenyewe. Tulikuwa watu tisa, lugha ni Kijerumani, akiona mtu haelewi anaongeza Kiingereza kidogo, mimi nikawa namtafsiria mama kwa Kiswahili pembeni. Kutoka Leipzig tulipanda S-Bahn, saa moja na dakika kadhaa, hamna kubadilisha treni.

Tulianzia Schlosskirche, kanisa la ngome lenye ule mlango, kama kila mtu, ila mwongozaji, dada mmoja wa makamo ana sauti ya ualimu, akatusimamisha mbele ya ule mlango akasema tuuangalie vizuri halafu tuuache. Ule mlango wa shaba ni wa 1858, wa mbao wenyewe uliungua 1760 kwenye vita. Na habari kwamba Luther alipigilia hoja 95 pale tunaipata kwenye maandishi ya Melanchthon, profesa mwenzake Luther, ya 1546, Luther ameshafariki, na Melanchthon mwenyewe alifika Wittenberg 1518, mwaka mmoja baada ya tukio. Halafu akasema kitu ambacho mimi na kipaimara changu na kwaya miaka yote sikuwahi kukisikia, kwamba kwenye hoja 95 zote hutakuta Luther anasema mtu anahesabiwa haki kwa imani peke yake, zile ni za vyeti vya msamaha na toba, hilo jambo kubwa lilikomaa kwake taratibu na yeye mwenyewe alikuja kulieleza vizuri 1545 akiwa mzee, jinsi alivyohangaika na Warumi 1:17 mpaka mlango ukamfungukia. Mama akaniangalia. "Kumbe tumekuwa tunapiga picha mlango ambao sio," akasema, na hakuwa anatania, alikuwa anawaza.

Hapo ndo nikajua tumepata mtu anayejua kazi yake.

Ndani ya kanisa kuna makaburi mawili, Luther chini ya mimbari, na Melanchthon upande wa pili wanaangaliana. Watalii wengi wanasimama kwa Luther wanapita. Sisi tulisimama kwa Melanchthon karibu dakika ishirini, na kwangu mimi hizo dakika ishirini ndo zilikuwa ziara yenyewe. Kwa sababu swali la huyu dada lilikuwa moja, Luther alipokufa Eisleben tarehe 18 Februari 1546, nani alibaki na mamlaka ya kusema maana ya "kwa imani" ni nini? Na jibu ni kwamba hakuna aliyebaki nayo, wakagombana miaka thelathini, watu waliokula meza moja, waliofundishana, waliooana kwenye familia.

Akaanza na Osiander. Andreas Osiander alikuwa mhubiri mkubwa wa Nürnberg, ndo huyo huyo aliyeandika dibaji isiyo na jina kwenye kitabu cha Copernicus 1543, akaikimbia Nürnberg baada ya sheria ya Kaisari ya 1548 iliyotaka kuwarudisha Waprotestanti kwenye taratibu za Kikatoliki, akapokelewa Königsberg na Mtawala Albrecht wa Prussia. Mwaka 1550 akaanza kufundisha kwamba haki ya mkristo sio jambo la Mungu kutamka tu kutoka mbinguni kwamba huyu ana haki, haki ni Kristo mwenyewe katika uungu wake anayekuja kukaa ndani ya mtu, kwamba Mungu hawezi kumwita mtu mwenye haki wakati ndani hamna kitu. Melanchthon na wenzake wakasema hapana, ukisema hivyo umemrudisha mtu kujichungulia ndani yake mwenyewe kila asubuhi kuona kama Kristo yumo kiasi cha kutosha, na siku roho imechafuka ataona hayumo, atakufa na hofu. Haki yetu iko nje yetu, ni utii wa Kristo na kifo chake, na tunahesabiwa hiyo.

Sasa sikia, hapa ndo kutafsiri kulinipa kitu ambacho Wajerumani wale saba hawakukipata. Kwa Kijerumani neno lao linaweza kubeba maana zote mbili, kutamkwa una haki na kufanywa kuwa wa haki, ndo maana waligombana. Nikawa namwambia mama, "wanabishana kama mtu anafanywa kuwa na haki au anahesabiwa," mama akanikata, "si tunasema kuhesabiwa? Biblia inasema huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria, Warumi tatu." Nikabaki nimeduwaa pale kanisani. Sisi Kiswahili chetu kilishachagua upande. Kila Jumapili tunasema "kuhesabiwa" na ni upande wa Melanchthon huo, neno la daftari, kama mama Massawe dukani anavyofuta deni lako na kuandika limelipwa wakati wewe mfukoni huna kitu, aliyelipa ni mtu mwingine. Na pale kijijini watu wanaelewa hilo bila kusoma Königsberg. Nikamweleza mwongozaji kwa Kijerumani changu, akafungua daftari lake akaandika neno "kuhesabiwa", akaniomba nimtamkie mara tatu.

Nampa nyota kwa hilo peke yake.

Ila kuna kitu hakukitendea haki, na hili ni lalamiko langu la kwanza la maana. Osiander alimweleza kama mtu mkorofi tu, mwenye kiburi, na ni kweli wote walimkataa, Kanuni ya Makubaliano ya 1577, andiko la Walutheri la kumaliza hayo mabishano, kifungu cha tatu inamkataa yeye pamoja na Stancaro aliyesema kinyume chake, kwamba Kristo ni haki yetu kwa ubinadamu wake tu, ikasema ni Kristo mzima, Mungu na mtu, katika utii wake wote. Sawa. Lakini mtu aliyezungukwa na watu wanaosema "mimi nimeshahesabiwa" halafu wanaishi hovyo, ataacha kuuliza Kristo yuko wapi ndani ya hawa? Hilo swali ni zuri hata kama jibu lake halikuwa zuri. Mama amekulia kwenye uamsho, ule uliotoka Rwanda miaka ya thelathini ukaja mpaka kwetu, anajua watu walivyoulizana "umeokoka?" na uchungu ulivyokuwa usharikani kati ya waliookoka na waliobatizwa tu. Yeye alimwelewa Osiander kuliko mwongozaji alivyomwelewa. Nikamuuliza dada je hakuna zuri alilolisema, akasema muda hautoshi. Muda ulikuwepo, maana baadae tulikaa dakika kumi na tano kwenye duka la zawadi.

Na hakuficha mwisho wa hadithi, kwamba Osiander alikufa 1552 lakini ugomvi haukufa, mkwe wake Johann Funck aliuawa kwa kukatwa kichwa Königsberg 1566, siasa zikiwa zimechanganyika na teolojia. Hapo watu wote tulinyamaza. Kwa fundisho linalosema huna cha kujitetea mbele za Mungu.

Kutoka pale tukatembea mpaka Stadtkirche, kanisa la mji alilokuwa anahubiri Luther, mchungaji wake akiwa Bugenhagen. Nje ukutani kuna ile sanamu ya zamani ya kuwadhalilisha Wayahudi, hakutupitisha haraka kama wanavyofanya wengine, alisimama, akaeleza, akaonyesha kibao cha kumbukumbu cha 1988 pale chini, akasema na Luther mwenyewe aliandika mambo mabaya sana juu ya Wayahudi uzeeni. Mama alikuwa hajui. Iliuma, na ninashukuru alisema.

Ndani kuna altare ya mchoraji Cranach ya 1547. Hii picha kama hujawahi kuiona, paneli ya chini kabisa Luther yuko mimbarini kulia, watu wamekaa kushoto, na katikati hakuna kitu kingine ila Kristo msalabani, Luther amenyosha mkono anamwonyesha. Yaani fundisho zima kwenye ubao mmoja. Huyu dada alitwambia tuangalie wale watu wanaosikiliza wanafanya nini, na ukweli hawafanyi kitu, wamekaa wanasikia. Akauliza, kwa hiyo matendo yako wapi kwenye hii picha? Na hapo ndo akaingia kwenye ugomvi wa pili, ambao kwa maoni yangu ndo alioueleza vizuri kuliko yote.

Georg Major, profesa wa hapa hapa Wittenberg, mwanzoni mwa miaka ya 1550 alisema matendo mema ni ya lazima kwa wokovu. Ukimsikiliza hakuwa na nia mbaya, aliogopa watu kulegea. Lakini ilikuwa baada ya Wittenberg kushindwa vita 1547 na maprofesa kukubaliana na watawala kwenye andiko la Leipzig la 1548, wenzao wa Magdeburg wakiongozwa na Matthias Flacius wakawa wanawalaumu kwamba wameliachia lile neno "peke yake" ili wapate amani. Kwa hiyo Major aliposema lile neno lake, moto ukawaka. Nikolaus von Amsdorf, mzee aliyekuwa kwenye gari la farasi pamoja na Luther kwenda Worms 1521, mtu aliyemjua Luther kuliko karibu wote, akajibu mpaka akafika mahali 1559 akaandika kwamba matendo mema yana madhara kwa wokovu! Alimaanisha ukiyategemea, lakini aliandika hivyo hivyo. Wazee wawili waliomfuata Luther yule yule, huyu anasema lazima, huyu anasema yanadhuru.

Dada akatuuliza tungewaamuaje. Kimya. Mjerumani mmoja akaanza kuzunguka zunguka. Mama akaniambia nimtafsirie: "Mgomba hauzai ndizi ili uwe mgomba. Ila mgomba usiozaa tunauliza una nini." Nikatafsiri, mgomba ilibidi nieleze kidogo, na dada akasema ndicho hasa kilichoandikwa kwenye ile Kanuni ya 1577 kifungu cha nne, kwamba matendo mema yanafuata imani kweli na ni wajibu, ila yasichanganywe kwenye suala la kuhesabiwa haki na wokovu, na kauli zote mbili, ya Major na ya Amsdorf, zikakataliwa. Mama hakushangaa, alitikisa kichwa tu kama mtu aliyeambiwa jambo la kawaida. Mimi ndo nilikuwa na machozi karibu, nikawaza vikao vyote vya wazee wa kanisa alivyokaa akisuluhisha watu juu ya jambo hilo hilo.

Hapa alichomekea pia Yakobo 2:24, "si kwa imani peke yake", na jinsi Luther 1522 alivyouita ule waraka wa majani makavu, na jinsi mwaka huo huo alivyoingiza neno "peke yake" kwenye Warumi 3:28 ya Kijerumani halafu 1530 akaandika barua ya kujitetea kwamba Kijerumani kinalitaka hilo neno. Aliligusa haraka na ni sawa, hilo limeshasemwa sana.

Malalamiko mengine sasa. Hedifoni walizotugawia, ya mama ilikufa nusu saa ya kwanza na hawakuwa na ya akiba, kwa mtu wa miaka 71 anayesikia kwa shida hilo sio dogo, nikawa namrudia kila sentensi na kupitwa na inayofuata. Hakuna mahali pa kukaa palipopangwa kati ya Stadtkirche na Melanchthonhaus, mtaa una mawe, mama magoti yakawa yanamsumbua, niliandika meseji wakati wa kubuku kwamba nakuja na mzee nikajibiwa "hakuna shida", basi wangeweka kituo cha kupumzika. Karatasi za kugawa ni Kijerumani peke yake. Na kwenye tangazo waliahidi kufika mpaka Wakalvini na Wamethodisti, mambo ya mkutano wa Wakalvini wa Dort 1618 na 1619, na Wesley mwanzilishi wa Wamethodisti, ila yote yalisemwa kwa dakika tano tukiwa tunatembea, upepo unapiga, nilichosikia mimi ni Wesley na tarehe 24 Mei 1738 pale Aldersgate moyo ulivyompata joto huku ikisomwa dibaji ya Luther ya Warumi, halafu baadae yeye na Wakalvini wa Uingereza wakachachamaa kwenye suala hili hili la matendo baada ya maazimio ya mkutano wake wa 1770. Nilitaka zaidi hapo. Kama hawana muda waondoe kwenye tangazo.

Kituo cha mwisho ni Melanchthonhaus, nyumba aliyojengewa 1536, nyembamba ndefu, inapendeza. Ndani kuna chumba chake cha kazi. Siku chache kabla hajafa, Aprili 1560, alichukua karatasi akaandika sababu za kutoogopa kifo, upande mmoja anayoachana nayo, upande wa pili anayoyaendea. Kwenye anayoachana nayo kuna dhambi, kuna taabu, na kuna kitu akakiita kwa Kilatini kichaa cha wanateolojia. Kwenye anayoyaendea, kwamba atamwona Mungu, na atajifunza jinsi asili mbili, uungu na ubinadamu, zilivyoungana katika Kristo. Dada akasoma hiyo polepole. Ndo ile ile waliyogombana na Osiander! Mtu alibishana juu ya hiyo miaka kumi, akiwa ndani ya hicho chumba, na anapokaribia kufa hasemi nimeshinda, anasema naenda kujifunza.

Sijui kama wengine walilisikia hivyo, mimi nililisikia hivyo.

Akamalizia na Augsburg 1999, tarehe 31 Oktoba, Walutheri na Wakatoliki kusaini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, Wamethodisti wakaingia 2006, na makanisa ya Kireformati 2017 wakasainia hapa hapa Wittenberg. Mama akauliza kama waliosaini wanakula meza ya Bwana pamoja sasa, dada akasema na Wakatoliki bado. Hakupamba, alisema bado, akatushukuru kwa kuja.

Kwa anayetaka kwenda: nenda asubuhi, vaa viatu vya kutembelea, beba maji, na kama unaenda na mtu mzima sema mapema na sisitiza kiti kinachokunjwa, mimi nitafanya hivyo. Kama hujawahi kufika Wittenberg kabisa nenda kwanza peke yako siku nyingine uone ya kawaida, maana hapa hutaambiwa Katharina von Bora, mke wa Luther, alipika nini, wataenda moja kwa moja kwenye mabishano. Wachungaji na wainjilisti wanaokuja huku kwa semina, wapelekeni hapa. Nyota nne kati ya tano, ya tano wataipata siku watakapokuwa na hedifoni ya akiba na kumpa Osiander robo saa ya haki.

Ile karatasi ya Kijerumani waliyotugawia nimeanza kuitafsiri, mama anataka akirudi aisome kwenye fellowship ya kina mama. Nimekwama kwenye kichaa cha wanateolojia, naona ni kali kusomwa kanisani, nikamwambia niweke "ukali". Amekataa. Amesema niandike kama mzee Melanchthon alivyoandika, wachungaji watakuwepo na wasikie.